Tumbo la Nyumbu, Korodani za Pimbi: Historia ya Hadubini katika Nyika ya Serengeti

Mchinjaji wa Mugumu hahitaji kuambiwa kwamba ng'ombe ana matumbo manne. Akishachuna na kupasua, hulitoa kwanza tumbo kubwa lililojaa majani yaliyotafunwa nusu, ambalo uso wake wa ndani una manyoya ya nyama. Hufuata lile dogo ambalo ukuta wake umegawanyika katika vyumba vya pembe sita, kisha lile la mviringo lenye kurasa nyingi ambalo watu huliita kitabu, na mwisho lile laini, lenye utelezi, linalotoa majimaji makali. Shuleni yanaitwa rumeni, retikulamu, omasamu na abomasamu. Machinjioni hayahitaji majina hayo. Kila moja lina namna yake ya kuoshwa na kupikwa, na lina mnunuzi wake.

Maarifa haya ni ya zamani katika wilaya za Serengeti na Tarime. Wazee wa Kikurya wamekuwa wakiyasoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa kabla ya kuamua jambo zito. Mkulima anayelima kwa maksai anajua kwa macho yake kinachotokea ndama dume akihasiwa mapema: shingo haipanuki, ugomvi unapungua, na nguvu inakwenda kwenye jembe. Waikoma, Wanata, Wangoreme na Waisenye waliwapasua nyumbu, pundamilia na swala wa kila namna kwa vizazi vingi kabla mpaka wa hifadhi haujachorwa. Mtu akitaka kuandika historia ya anatomia ya wanyama wa Serengeti kwa haki, aanzie hapo, kwenye kisu na kwenye mikono ya watu hawa.

Lakini kisu kina mwisho wake. Kinaweza kukuonyesha kwamba tumbo la digidigi ni dogo na la nyati ni kubwa, na hakiwezi kukueleza kwa nini wanyama hawa wawili hawagombei chakula kimoja. Kinaweza kutenganisha korodani na mshipa wake bila kukuonyesha mbegu inatengenezwa wapi. Kusini na mashariki ya Mugumu kuna nyika ambamo zaidi ya nyumbu milioni moja, mamia ya maelfu ya pundamilia na swala, nyamera, kongoni, pofu, nyati na twiga wanaishi pamoja, wakila, wakizaa na kuhama. Katika karne ya 20 kundi dogo la watu lilijiuliza swali ambalo mtu yeyote anayeitazama nyika ile hujiuliza: wote hawa wanatosheana vipi? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana katika vipande vya nyama vyembamba kiasi kwamba mwanga unapita ndani yake.

Jina kubwa katika historia hii ni la Reinhold Hofmann, Mjerumani, mtaalamu wa anatomia ya mifugo, aliyefika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo kitivo cha tiba ya mifugo cha Nairobi kilikuwa kimoja kwa Afrika Mashariki nzima. Kuanzia 1963 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alikwenda kusoma huko pamoja na wenzake wa Kenya na Uganda. Hofmann aliwafundisha anatomia na histolojia, yaani elimu ya tishu kama zionekanavyo kwa hadubini. Vitabu alivyokuwa navyo vilieleza matumbo ya ng'ombe, kondoo na mbuzi wa Ulaya. Nje ya mji alikofundisha kulikuwa na aina nyingi za wanyama wanaocheua kuliko Ulaya yote, na karibu hakuna hata mmoja ambaye tumbo lake lilikuwa limeelezwa kwa ukamilifu.

Akaanza kukusanya. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, na inafaa kuelezwa, kwa sababu matokeo yake yote yanategemea dakika chache za mwanzo. Mnyama anayecheua hubeba ndani ya rumeni mabilioni ya bakteria na vijidudu vingine vinavyochachusha majani. Mnyama akifa, vijidudu havijui kwamba amekufa. Vinaendelea na kazi, gesi inajaa, tumbo linavimba, na ngozi nyororo ya ndani inaanza kubanduka. Katika joto la nyika, baada ya muda mfupi, unachokiona chini ya hadubini ni uozo na si umbile. Kwa hiyo tumbo lilipaswa kupasuliwa pale pale mnyama alipoangukia, vipande vikatwe kutoka sehemu zilizokubaliwa tangu awali, na kutumbukizwa katika fomalini kabla ya mambo mengine yote.

Maabarani ndipo uvumilivu ulipoanza. Kipande hutolewa maji hatua kwa hatua kwa alkoholi, hujazwa nta ya parafini iliyoyeyushwa, kisha nta hugandishwa. Mashine yenye wembe mkali sana hukata nta hiyo vipande vya unene wa mikromita tano hivi, wembamba ambao unywele wa binadamu ungelazimika kugawanywa zaidi ya mara kumi kuufikia. Kipande hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayotoka katika mti wa Amerika ya Kati, hugeuza viini vya seli kuwa zambarau, na eosini huifanya sehemu inayobaki kuwa ya waridi. Katika rangi hizo mbili ndimo tofauti kati ya nyati na digidigi zilimojitokeza.

Yale manyoya ya nyama ndani ya rumeni, ambayo mwoshaji wa utumbo huyasugua kwa kisu mpaka yawe meupe, ndiyo kiungo kinachomlisha mnyama. Bakteria wakishachachusha majani hutoa asidi za mafuta zenye uzito mdogo, na asidi hizo hupenya kuta za manyoya hayo na kuingia katika damu. Nguvu nyingi anayoitumia ng'ombe kutembea, kukamuliwa au kuvuta jembe imepita hapo. Manyoya yakiwa mengi, eneo la kufyonza linaongezeka mara nyingi. Hofmann alipima wingi wake, urefu wake na mahali yanapoota, katika mnyama mmoja hadi mwingine, na akakuta mpangilio.

Kwa nyumbu, nyati na kongoni, walao nyasi, manyoya yameota zaidi chini na pembeni, na paa la rumeni liko karibu wazi. Sababu ni kwamba nyasi zikiliwa hutengeneza tabaka ndani ya tumbo: majimaji chini, mkeka wa nyuzi ngumu ukielea juu yake, gesi juu kabisa. Paa linaloguswa na gesi pekee halina cha kufyonza. Kwa twiga, swala twiga, digidigi na pongo, walao majani ya miti na vichaka, manyoya yameenea pande zote hadi juu, maana majani laini hayatengenezi mkeka. Yaliyomo yamechanganyika na yanagusa kila ukuta. Omasamu, kile kitabu, ni kikubwa na chenye kurasa nyingi kwa nyati, na kwa digidigi ni kidogo mno. Tezi za mate ni kubwa kwa walao majani ya miti na ndogo, ukilinganisha na uzito wa mwili, kwa walao nyasi. Kuanzia mdomoni hadi utumbo mpana, Hofmann aliona miili miwili iliyojengwa kwa kazi mbili.

Katikati ya hao wawili aliweka kundi la tatu, na kwangu mimi hilo ndilo lenye kuvutia kuliko yote. Swala pala, swala tomi, swala granti na pofu hubadili chakula kwa majira. Mvua zikinyesha swala pala hula nyasi changa. Kiangazi kikikaza hugeukia vichaka na maganda ya migunga. Hofmann alionyesha kwamba ukuta wa rumeni hubadilika pamoja na chakula: lishe ikiwa nzuri manyoya hunenepa na kuongezeka, lishe ikidhoofika hunywea, na mabadiliko hayo huchukua majuma machache tu. Yaani swala pala aliyepasuliwa wakati wa masika na yule aliyepasuliwa mwishoni mwa kiangazi wangeweza kudhaniwa kuwa aina mbili tofauti na mtu aliyepewa vioo vyao peke yake. Umbile ambalo vitabu vililichukulia kuwa la kudumu lilikuwa likifuata mvua.

Anatomia peke yake isingetosha. Kusema kwamba tumbo fulani limeumbwa kwa nyasi ni dhana mpaka uhakikishe kwamba mwenyewe anakula nyasi, na kwa mnyama wa porini, anayekula alfajiri na usiku, huwezi kuhakikisha kwa darubini ya kuonea mbali. Hapa ndipo hadubini ilipoingia mara ya pili, kwa mlango mwingine. D. R. M. Stewart, mtafiti wa wanyamapori nchini Kenya, alijua kwamba ngozi ya nje ya jani la nyasi haimeng'enywi kwa urahisi. Ina seli zenye maumbo yanayotofautiana kwa kila aina ya nyasi, na maumbo hayo hupita salama katika matumbo yote manne hadi kwenye kinyesi. Mwaka 1967 alichapisha njia ya kuyatambua. Ukiwa na mkusanyo wa ngozi za nyasi zinazojulikana, unaweza kuchukua kinyesi, kukichemsha, kukitazama, na kusema mnyama alikula nini. Hofmann na Stewart wakaunganisha kazi zao. Mwaka 1972 walichapisha kwa pamoja mgawanyo wao wa wanyama wanaocheua wa Afrika Mashariki, na mwaka 1973 kitabu cha Hofmann kuhusu tumbo la wacheuaji kikatolewa Nairobi na East African Literature Bureau. Kitabu kilichobadilisha namna dunia inavyowaelewa wacheuaji wote, hadi paa wa Ulaya na Asia, kilichapwa Afrika Mashariki na kilitokana na wanyama wa Afrika Mashariki. Kingestahili kujulikana Mugumu kuliko kinavyojulikana.

Wakati huo huo, upande wa magharibi wa Serengeti, katika ule mkanda wa ardhi unaofuata mto Grumeti kuelekea Ziwa Victoria, mtafiti Richard Bell alikuwa akiifuatilia hoja hiyo kwa njia yake. Utafiti ulikuwa umeanza kuota mizizi Seronera, katikati ya hifadhi, baada ya mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuwahesabu wanyama kutoka angani mwaka 1958. Michael alikufa katika ajali ya ndege mwezi Januari 1959, maabara iliyopewa jina lake ikajengwa, na mwaka 1966 ikazaliwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti. Bell aliona jambo ambalo wawindaji wa Ikoma bila shaka walilijua kama ratiba: nyasi zikikomaa na kukauka, pundamilia hutangulia kushuka mabondeni, nyumbu hufuata, na swala tomi huja mwisho.

Pamoja na Michael Gwynne, Bell alichukua yaliyomo matumboni mwa wanyama waliopigwa risasi kwa ajili hiyo, akayaosha na kuyatandaza chini ya hadubini, na kuhesabu vipande: hiki ni jani, hiki ni ala inayokumbatia shina, hiki ni shina lenyewe, hiki ni cha mmea usio nyasi. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1968. Pundamilia alikuwa amejaa mashina na ala, sehemu ngumu za juu. Nyumbu alikuwa na majani mengi zaidi. Swala tomi alikuwa ameokota vitu vidogo vyenye lishe vilivyo karibu na udongo, majani ya mimea mifupi na matunda yake, ambavyo asingeviona wala kuvifikia kama waliomtangulia hawangekata nyasi ndefu.

Ukiweka vioo vya Hofmann kando ya hesabu za Gwynne na Bell, msafara ule unaeleweka. Pundamilia hacheui. Uchachushaji wake unafanyika nyuma, katika utumbo mpana, na chakula kinapita haraka. Anaweza kula nyasi duni kwa wingi, akachukua kidogo katika kila funda na kufidia kwa wingi wa mafunda. Nyumbu hana njia hiyo. Kipande cha nyasi hakiruhusiwi kuvuka kwenda omasamu mpaka kitafunwe na kucheuliwa kiwe kidogo vya kutosha, kwa hiyo nyasi ngumu ikizidi rumeni inajaa na mnyama anabaki na njaa huku tumbo limejaa. Anamhitaji wa mbele yake amwondolee mashina. Swala tomi ana rumeni ndogo na mwili mdogo unaounguza nguvu haraka kwa kila kilo. Yeye hawezi kungoja kabisa. Mpangilio wa makundi yanayofuatana kwa kilomita nyingi umejengwa juu ya tundu dogo kati ya retikulamu na omasamu.

Hoja ya Hofmann haikuachwa bila kupingwa, na ni vizuri haikuachwa. Mwaka 1994 watafiti Iain Gordon na Andrew Illius walichukua wacheuaji wa Afrika, wakaondoa athari ya ukubwa wa mwili katika hesabu zao, na wakadai kwamba tofauti ya umeng'enyaji kati ya walao nyasi na walao majani ya miti inakuwa ndogo sana. Kinachotawala ni uzito. Wengine walitilia shaka maelezo ya Hofmann kwamba mate hupitisha sehemu ya chakula moja kwa moja bila kuingia rumeni. Baadaye Marcus Clauss wa Zurich, akifanya kazi mara nyingi na Hofmann mwenyewe, alirudi kwenye maumbile yale yale na kuyasoma upya: tofauti zipo, manyoya hayadanganyi, lakini chanzo chake kinatafutwa zaidi katika ute na uzito wa majimaji yaliyomo tumboni, yaani kama yanatengana katika tabaka au yanabaki yamechanganyika. Maelezo yamebadilika. Vile vioo vya Nairobi havijabadilika, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kupewa mtu wa anatomia.

Upande wa uzazi wa dume historia ni ya vipande vipande zaidi, kwa sababu watafiti walikuja na maswali yao binafsi na kuondoka nayo. Swali kubwa lilikuwa la joto. Kwa ng'ombe, mbuzi, nyumbu na binadamu, korodani hukaa nje katika mfuko kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri zaidi katika joto lililo nyuzi kadhaa chini ya lile la tumbo. Chini ya hadubini utaona mirija iliyojikunja, na ndani ya ukuta wake seli za Sertoli, zilizoelezwa na Enrico Sertoli mwaka 1865, zikizilea mbegu kutoka pembeni kuelekea katikati. Kati ya mrija na mrija kuna seli za Leydig, zilizopewa jina la Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850, ambazo hutoa homoni ya udume. Joto likipanda, mirija hiyo huharibika kwanza. Mkulima anayemhasi ndama kwa koleo huifikia hali hiyo kwa njia nyingine: anaponda mishipa ya damu bila kupasua ngozi, na mirija na seli zote hizo hufa kwa kukosa damu.

Sasa mtazame tembo. Hana mfuko. Mwaka 1967 Roger Short, Thaddeus Mann na Mary Hay walichapisha uchunguzi wao wa viungo vya uzazi vya tembo dume wa Afrika, na walizikuta korodani ndani kabisa ya tumbo, jirani na figo, katika joto lote la mwili, zikitengeneza mbegu bila tatizo. Hata ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambao kwa wanyama wengine ndio ghala la kukomazia mbegu, hawakuuona kama ulivyotarajiwa. Kazi hiyo ilifanywa na mrija mrefu unaoshuka kuelekea kibofu. Mwaka uliofuata T. D. Glover na John Sale, huyu wa pili akiwa mwalimu Nairobi, walieleza viungo vya pimbi dume, wale wanyama wadogo wanaoota jua juu ya miamba ya Serengeti. Walikuta jambo lile lile: korodani ndani, karibu na figo. Tembo wa tani tano na pimbi wa kilo mbili au tatu ni ndugu wa ukoo mmoja wa kale, na undugu huo umeandikwa mahali ambapo hakuna mtu anayemtazama mnyama kwa nje angeufikiria.

Pimbi alikuwa na jingine la kufundisha. William Neaves, Mmarekani aliyefanya kazi hiyo Kenya katika miaka ya 1970, alifuatilia korodani za pimbi mwaka mzima. Karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa, mtu angedhani madume yangekuwa tayari wakati wowote. Haikuwa hivyo. Korodani za kundi zima zilivimba pamoja na kusinyaa pamoja, na seli za Leydig ziliongezeka na kupungua pamoja nazo. Ni jambo la kushangaza kwamba mnyama anayeishi juu ya miamba karibu na ikweta ana mwaka ndani ya mwili wake.

Elimu hii ilikuwa na gharama, na mwandishi wa historia asiifiche. Kila kioo kilikuwa mnyama. Nchini Uganda, katika hifadhi ya maporomoko ya Murchison, tembo takribani 2,000 waliuawa kati ya 1965 na 1967 kwa hoja ya kulinda misitu, na miili yao ikawa chanzo kikubwa cha takwimu za uzazi na ukuaji. Miaka ile ile, mtu wa kijiji cha jirani na Serengeti aliyekamatwa na paja la nyumbu alipelekwa mahakamani. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, kwa maana mtafiti alikuwa na kibali, alichukua wachache katika Serengeti, na alichojifunza kimewasaidia wanyama wenyewe. Lakini Waikoma na wenzao waliona bunduki za watafiti, na makala nilizozitaja zina majina ya waandishi wachache tu, wageni kutoka Ulaya na Marekani. Waliofuatilia nyayo, waliochuna, waliobeba tumbo la nyati lenye uzito wa mtu mzima hadi kwenye gari kabla halijaharibika, hawamo humo.

Hali hiyo ilibadilika polepole. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika mwaka 1970. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wake wa mifugo Morogoro mwaka 1976, na mwaka 1984 mahali hapo pakawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako mtoto wa Mugumu anaweza kukata tishu kwa mikono yake na kuzitazama katika maabara ya nchi yake. Nairobi nako, Geoffrey Maloiy, Mkenya, aliongoza kizazi cha watafiti waliopima umeng'enyaji wa digidigi, ngamia, tembo, kifaru na kiboko.

Nimemwacha fisi mwisho kwa sababu kisa chake ni kirefu kuliko vyote na kinaishia Serengeti yenyewe. Kwa karne nyingi watu wa mabara matatu waliamini kwamba fisi ni dume na jike kwa wakati mmoja, au hubadilika kila mwaka. Aristotle alilipinga hilo, ingawa yeye alimzungumzia fisi miraba, ndugu wa huyu wetu. Fisi madoa ndiye anayechanganya kweli. Jike ana kiungo kinachofanana na uume, kinachosimama kama uume, na chini yake ana kitu kinachofanana na mfuko wa korodani. Hana mlango mwingine: hukojoa, hupandwa na huzaa kupitia hapo hapo.

L. Harrison Matthews, Mwingereza aliyekuwa amefanya utafiti wa nyangumi katika bahari ya kusini, aliwakusanya fisi madoa Tanganyika katika miaka ya 1930. Mwaka 1939 Royal Society ya London ilichapisha maelezo yake marefu ya viungo vyao. Hadubini ndiyo iliyoamua. Ndani ya ule mfuko wa jike kulikuwa na mafuta na nyuzi za tishu, hakuna hata mrija mmoja wa mbegu. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na ovari kamili. Dume alikuwa dume, jike alikuwa jike, na imani ya karne nyingi ikaisha kwa vipande vya mikromita chache. Mwaka 1980 Neaves, yule wa pimbi, pamoja na wenzake walieleza tofauti ya kiungo chenyewe: cha dume kina ncha iliyochongoka, cha jike ni butu na tundu lake ni pana zaidi. Tangu hapo mtu mwenye jicho zuri anaweza kuwatofautisha bila kuua.

Kwa nini jike awe hivyo? Fisi wachanga kutoka Kenya walipelekwa Berkeley, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba kondo la nyuma la fisi hugeuza homoni itokayo kwenye ovari za mama kuwa testosteroni, inayowafikia watoto tumboni. Ilionekana kuwa jibu limepatikana. Lakini majike wajawazito walipopewa dawa za kuzuia homoni hizo, watoto wa kike bado walizaliwa na kiungo kile, kikiwa kimebadilika umbo tu. Sababu kamili ni ya ndani zaidi kuliko homoni za udume.

Mwaka 1987 Heribert Hofer na Marion East walianza kuwafuatilia fisi wa Serengeti, mmoja mmoja, kwa madoa yao. Hawakuwaua. Waliwatambua mama kwa wanaonyonya, wakatafuta baba kwa vinasaba, wakapima homoni katika kinyesi. Walijifunza pia, kwa huzuni, kwamba fisi wengi wa Serengeti hufa katika nyaya za mitego zilizotegewa nyumbu na watu wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, vikiwemo vya upande wetu. Hofer baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Berlin, kwenye kiti kilichoachwa na mkurugenzi wake wa kwanza, ambaye hakuwa mwingine ila Reinhold Hofmann wa matumbo ya Nairobi.

Mwaka 2003 East, Hofer na wenzao walichapisha matokeo ya miaka ya kufuatilia nani amezaa na nani. Kwa umbile lile la jike, dume hawezi kumlazimisha. Asipolegea na kusimama kwa utulivu, hakuna kinachowezekana. Madume waliojaribu kumzingira jike na kuwafukuza wengine hawakupata watoto wengi. Waliopata ni wale waliotumia miezi na miaka wakitembea karibu na majike, wakiwasalimia kwa upole na kujenga nao mazoea, mpaka jike mwenyewe akachagua.